Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Mwalimu mlezi wa gazeti letu ametutaka muhula huu tuandike habari za watu mashuhuri waliokwisha kufariki. Wenzangu wengi wamechagua viongozi wa nchi na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua daktari mmoja wa Ulaya aliyekuwa na jicho moja tu, ambaye jina lake nililiona mara ya kwanza limeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichotoka hospitali. Kabla sijaeleza maisha yake, sina budi kueleza jinsi karatasi hiyo ilivyonifikia, maana bila ya hiyo nisingalijua habari zake hata kidogo.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Chang'ombe, mjini Dodoma, lakini mama yangu ametoka mkoa wa Mara, karibu na Ziwa. Mdogo wangu wa mwisho alilelewa na bibi huko mpaka alipotimiza miaka sita, ndipo akaletwa kwetu ili aanze shule. Haukupita muda mrefu shavu lake la kulia likaanza kuvimba, na meno ya upande huo yakawa yanalegea. Sisi sote tulidhani ni jino bovu. Alipelekwa mahali akang'olewa meno mawili, lakini uvimbe haukupungua, bali ulizidi. Jirani mmoja akasema ni husuda ya watu, na mwingine akaleta dawa ya kupaka. Wiki tatu zikapita hivyo. Siku tulipomfikisha hospitali kubwa, jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Daktari kijana aliyempokea hakuuliza mengi. Alimtazama kinywani, akambonyeza tumbo, akamwita mwenzake, na jioni ile ile wakakata kipande kidogo cha uvimbe ili kikapimwe. Baba alipouliza ni ugonjwa gani, daktari aliandika jina lake kwenye karatasi akampa. Lilikuwa jina la mtu: Burkitt. Baba akanipa mimi nitafute maana yake shuleni.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya yao, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege. Aliwafunga ndege wadogo pete za chuma miguuni ili aweze kuwatambua mmoja mmoja, kisha akachora ramani iliyoonyesha kila ndege anatawala sehemu gani. Naomba msomaji aikumbuke ramani hiyo, kwa sababu tutakutana na nyingine iliyotengenezwa na mwanawe.

Denis alipokuwa na miaka 11, vijana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja likampiga kwenye miwani, na vipande vya kioo vikaingia katika jicho. Jicho hilo likapotea, akawekewa la kioo. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity katika mji wa Dublin kusoma uhandisi kama baba yake, wala hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Huko alipata imani ya dini iliyo imara, akaona kwamba kazi yake ni kuponya watu, basi akaacha uhandisi akaingia katika udaktari. Alifuzu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa, kwa sababu ya jicho lake. Lakini vita vilipopamba moto jeshi lilimchukua mwaka 1941, na kwa njia hiyo akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa muuguzi aitwaye Olive Rogers. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye ugonjwa wa busha. Mpasuaji mwingine angemaliza kazi yake akaenda kunywa chai, lakini Burkitt aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba ugonjwa ule ulikuwa mwingi sana mashariki ya wilaya na haba sana magharibi. Jambo hilo dogo lilimfundisha kwamba kujua mahali ugonjwa unapokaa ni nusu ya kujua asili yake. Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, kwenye hospitali ya Mulago.

Sasa tufike mwaka 1957. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini. Burkitt alishangaa. Uvimbe wa usaha huwa upande mmoja, na saratani ya kawaida huanzia mahali pamoja; itakuwaje uvimbe utokee pembe nne za mataya kwa wakati mmoja? Hakupata jibu. Baada ya wiki chache alikuwa Jinja akizuru hospitali, akachungulia dirishani, akamwona mtoto amekaa kwenye majani pamoja na mama yake, na uso wake umevimba vile vile. Alitoka mbio kumtazama. Pembe nne tena, na tumboni mulikuwa na uvimbe pia. Mtoto mmoja aweza kuwa ajabu ya pekee, lakini watoto wawili ni dalili ya jambo.

Aliporudi Kampala alifungua mafaili ya zamani ya Mulago. Madaktari waliomtangulia walikuwa wameziona saratani za watoto, lakini mmoja aliandika saratani ya taya, mwingine ya jicho, mwingine ya figo, mwingine ya tumbo, kila mmoja akidhani ana ugonjwa wake. Burkitt aliyaweka pamoja yote aliyoyaona, akatambua kwamba ni ugonjwa mmoja unaovaa nguo mbalimbali. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Baadaye Gregory O'Conor, mtaalamu kutoka Marekani aliyefanya kazi Kampala, alithibitisha kwa darubini kwamba ni saratani ya chembe za tezi, zile zilizo askari wa kinga ya mwili.

Ndipo ikaja kazi ya ramani. Burkitt alipata msaada wa pauni 25 tu. Kwa fedha hizo alipiga chapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta kwenye hospitali nyingi za Afrika. Kila jibu liliporudi kwamba ugonjwa umeonekana, alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pole pole pini zikafanya mshipi uliolikata bara katikati, kaskazini na kusini ya ikweta, wenye mkia unaoteremka pwani ya mashariki mpaka Msumbiji. Hakuridhika. Alitaka kujua mshipi ule unaishia wapi hasa, na kwa nini.

Basi tarehe 7 Oktoba, 1961, aliondoka Kampala pamoja na rafiki zake wawili madaktari, Ted Williams na Clifford Nelson. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu ya mwaka 1954, waliyoinunua kwa pauni 250. Bahati yao, Williams alikuwa fundi hodari wa magari. Walikwenda wiki 10, maili 10,000, wakateremka mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakipita katika nchi yetu ya Tanganyika mwaka ule ule ilipopata Uhuru. Walizuru hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha zao, wakauliza kama watoto wa namna hii wamepata kuonekana hapo. Hawakuwa na mtambo wowote wa thamani. Walikuwa na picha, daftari, ramani na swali moja.

Walipolinganisha majibu waliona kwamba ugonjwa haukuishia kwenye mpaka wa nchi wala wa kabila. Uliishia kwenye vipimo vya hali ya hewa. Karibu na ikweta haukupatikana juu ya futi 5,000 hivi. Kusini zaidi, ambako ni baridi, ulikoma chini ya hapo. Penye ukame mkubwa pia ulikuwa haba. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu huko Entebbe, aliona kwamba mipaka hiyo inafuata joto na mvua, kama ifanyavyo mipaka ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Sisi tunaosoma jiografia hapa na kulalamika kwamba ramani za mvua hazina faida, tufikiri tena.

Mapema mwaka huo, tarehe 22 Machi, 1961, Burkitt alikuwa ametoa hotuba katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako kijana mtaalamu, Anthony Epstein, ambaye alikuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani. Wakapatana. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege usiku kutoka Kampala mpaka London. Kwa muda wa miaka karibu mitatu Epstein hakuona kitu. Hata siku moja mwezi wa Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikaenda kutua Manchester, na kifurushi kikachelewa. Kilipofika, maji yaliyokuwa ndani yalikuwa yamevurugika kama yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini, akaona chembe hai zinaelea. Zikalimwa maabara zikaongezeka, na mwezi wa Februari 1964 kikaonekana ndani yake kirusi kipya. Yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza habari hiyo mwaka ule ule. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kujulikana kuwa kinahusika na saratani.

Hapa msomaji atauliza: ikiwa ni kirusi, mbona sisi sote hatuugui? Hilo ndilo swali kubwa. Karibu kila mtu duniani amepata kirusi hicho, nasi Waafrika wengi hukipata tungali wadogo, kwa mate. Kinga ya mwili hukifunga kama mfungwa, nacho hukaa kimya maisha yote. Lakini mtoto anayerudiwa na malaria mara kwa mara, askari wake wa kinga huchoka, na chembe zenye kirusi huzaana ovyo. Katika kuzaana huko, siku moja chembe moja huharibika mpangilio wake wa urithi, nayo ikawa saratani. Kwa hiyo ugonjwa wa Burkitt ni saratani ya askari wa kinga, inayopata nafasi wakati kinga yenyewe imelegea.

Na Burkitt aliona pia upande wa pili wa jambo hilo. Kampala haikuwa na mashine za mionzi, na kupasua hakukufaa kitu, kwa hiyo alijaribu dawa mpya zilizoletwa na wataalamu wa Marekani, akiwamo Joseph Burchenal wa New York. Matokeo yalimshangaza. Uvimbe mkubwa kama nazi ulinyauka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya kupata dawa kidogo, kiasi ambacho kwa hesabu hakikutosha kuua chembe zote. Nani aliyemaliza zilizobaki? Mwaka 1967 yeye na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji mashuhuri wa Uganda, waliandika habari za uvimbe uliopungua wenyewe pasipo dawa. Madaktari wakaanza kuamini kwamba mwili wa mtoto mwenyewe unapigana. Huko Nairobi, Peter Clifford alituma vipande vya uvimbe Uswidi kwa Georg na Eva Klein, nao wakapata katika damu za watoto kingamwili zinazozitambua chembe za saratani.

Mwaka huo huo wa 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hii, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wataalamu wake walijaribu kuiamsha kinga kwa chanjo ya BCG, ile ile iliyotuachia kovu begani. Mwaka 1976 walitangaza wazi kwamba haikusaidia. Mimi nawaheshimu kwa tangazo hilo, maana asiyekubali kusema ameshindwa huwapoteza wanaomfuata. Katika mkoa wa Mara nako, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa sehemu za chini za wilaya ya Mara Kaskazini walipewa vidonge vya klorokwini ili kuona kama kuzuia malaria kutazuia saratani. Bibi yangu anavikumbuka vidonge vile vichungu. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu halikuwa la hakika.

Njia iliyofanikiwa ilichelewa kuja. Chembe kutoka kwa watoto wagonjwa wa Afrika zililimwa maabara zikaenea duniani. Aina moja iitwayo Raji ilitoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, na nyingine iitwayo Daudi ilitoka kwa mtoto wa Kenya mwaka 1967. Mpaka leo wataalamu huzitumia kupima dawa za kinga. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu dawa iitwayo rituksimabu. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa na wanadamu. Hujibandika juu ya chembe ya saratani kama alama, ili kinga ya mwili ijue adui ni yupi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya watoto na vijana 328 wenye saratani za jinsi hii zilizokwisha kuenea. Baada ya miaka mitatu, waliopata dawa za zamani pamoja na rituksimabu, takriban 94 katika kila 100 walikuwa wanaendelea vizuri. Waliopata dawa za zamani peke yake walikuwa 82. Lililobaki ni kwamba dawa hii ni ghali, na watoto wengi wanaoihitaji wako huku kwetu.

Burkitt hakuishi kuyaona hayo. Alirudi Uingereza mwaka 1966, akaanza kazi nyingine: kuchunguza kwa nini watu wa Ulaya wana magonjwa ya tumbo yaliyo haba katika vijiji vya Afrika. Jibu lake lilikuwa makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi ambazo wazungu waliziondoa ili unga uwe mweupe. Alipima hata uzito wa choo cha watu, na walimcheka kwa hilo. Si kila alilodhani lilithibitishwa, lakini madaktari wa leo huhimiza vyakula hivyo, nasi tunaokula ugali wa uwele kwa mlenda hatuna sababu ya kuuonea haya. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huo huo akashiriki tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi yake ya kutibu saratani. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993.

Sasa narudi kwa mdogo wangu. Alitiwa dawa mshipani na nyingine mgongoni. Alitapika, nywele zikanyonyoka, na mama alilala chini kando ya kitanda chake usiku mwingi. Lakini siku ya tano tuliona shavu limepungua, na baada ya wiki mbili jicho likarudi mahali pake. Leo yuko darasa la pili, ana pengo la meno, na mbio anatushinda. Bado huenda hospitali kupimwa. Daktari alitueleza kwamba uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Tangu hapo sijaacha kuzihesabu zile wiki tatu. Kitanda cha pili katika chumba kile alilala mtoto aliyecheleweshwa kuliko wetu, naye hakurudi kwao.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wanaosoma gazeti hili: mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yake yakalegea kabla ya wakati wake, au jicho likitokeza nje, msingoje dawa ya jirani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Nanyi wanafunzi wenzangu, msidhani kwamba sayansi ni ya wenye akili za ajabu na mitambo ya fedha nyingi. Mtu huyu hakuwa wa kwanza darasani, alikataliwa kazi, na alikuwa na jicho moja. Alitazama kwa makini, akauliza wagonjwa wanatoka wapi, akahesabu, akachomeka pini. Ile karatasi ya hospitali bado ninayo, nimeibandika ndani ya daftari langu la Baiolojia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano